Nyumba ya Binti: Ukoo, Ujenzi na Ardhi katika Miji ya Mawe ya Pwani

Katika miji ya mawe ya pwani ya Afrika Mashariki, kazi ambazo leo hugawanywa baina ya mwenye ardhi, benki, kampuni ya ujenzi na dalali zilikuwa kwa karne nyingi mikononi mwa ukoo. Ukoo ndio uliomiliki kiwanja, uliogharimia mawe na chokaa, uliowaweka mafundi kazini, ulioamua nyumba ipi ijengwe lini na kwa ajili ya nani, na uliobaki na dhamana ya kuitunza baada ya mjenzi wa kwanza kufariki. Shughuli hiyo haikusajiliwa popote kama biashara, na kwa sababu hiyo mara nyingi imeelezwa kama mila ya ndoa au kama sanaa ya majengo tu, ilhali ilikuwa na mtaji, nguvukazi, sheria na mpango wa vizazi kadhaa, na ilizalisha mali ambayo thamani yake ilihesabika. Makala haya yanaifuata shughuli hiyo hasa katika mji wa Lamu, ambako majengo yake yamesalia kwa wingi kuliko kwingineko, kiasi kwamba mji mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na kisha yanaitazama Mombasa, ambako ardhi na nyumba vilitengana kwa namna iliyobadili kabisa maana ya kujenga.

Mizizi yake ni ya zamani kuliko nyumba zinazoonekana leo. Nyumba nyingi za mawe za Lamu ni za karne ya 18 na baadaye, lakini umbo lao, yaani vyumba virefu vyembamba vinavyopangwa kimoja nyuma ya kingine kutoka uwanja wa ndani, linaonekana pia katika magofu ya Gedi karibu na Malindi na ya Songo Mnara karibu na Kilwa, ambayo ni ya karne ya 14 na ya 15. Huko Songo Mnara nyumba kadhaa zimejengwa kwa kushirikiana kuta, nayo ni dalili kwamba mjenzi alikuwa akiongeza nyumba juu ya mali iliyokwisha kuwapo, akitumia ukuta wa jirani ambaye yaelekea alikuwa jamaa yake. Ukuta wa shirika ni jambo dogo kwa macho ya mpita njia, ila kwa mwanahistoria ni ushahidi mzito, kwa kuwa watu wasio na uhusiano wa kudumu hawaegemezi mapaa yao juu ya ukuta mmoja bila kujiandalia ugomvi wa miaka mingi.

Vifaa vya ujenzi vilitoka karibu. Mawe yalikuwa ya matumbawe ya aina mbili: jiwe gumu la mwamba wa kale wa matumbawe, lililochimbwa nchi kavu kama vile Maweni katika kisiwa cha Manda, ambalo lilitumika kuinua kuta nene, na tumbawe la baharini, lililokatwa likiwa bichi na laini, likachongwa kabla halijakauka na kuwa gumu, ambalo lilifaa kwa fremu za milango na mapambo. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo juu ya rundo kubwa la magogo, kisha kuizima kwa maji na kuiacha ikae miezi kadhaa mpaka iive, maana chokaa isiyoiva hupasua ukuta baada ya kupakwa. Dari zilibebwa na boriti, yaani miti ya mikoko ya unene wa wastani, kwani wakataji wa mikoko, wengi wao Wabajuni wa visiwa vya kaskazini, waliipanga miti kwa madaraja tangu fito, pau na mazio hadi boriti na nguzo. Juu ya boriti zilipangwa bamba za mawe, na juu ya mawe ikamwagwa zege ya chokaa na kokoto iliyotwangwa kwa muda mrefu hadi ikashikana.

Uzito wa dari hiyo ulikuwa mkubwa mno, na boriti haikuweza kuubeba kwa urefu unaozidi sana mita 2.5 au 3, kwa hiyo upana wa chumba uliamuliwa na mti wa mkoko. Familia tajiri ingeweza kurefusha chumba, kukirembesha na kukiongezea vingine, lakini haikuweza kukipanua. Kanuni hiyo ilivuka bahari pamoja na miti yenyewe, kwani majahazi yalisafirisha boriti za Lamu na za delta ya Rufiji hadi Arabuni na Ghuba, ambako zilijulikana kwa jina la chandal na ambako nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain zina vyumba vyembamba kwa sababu ile ile. Mapato ya biashara hiyo, pamoja na ya pembe, nafaka, ufuta na mazao ya minazi, ndiyo yaliyorudi mjini yakageuka kuta.

Nguvukazi ndiyo sehemu ya historia hii inayostahili kusemwa bila kuipunguza. Waungwana wa Lamu, yaani koo za kale zilizojihesabu kuwa wenyeji huru wa mji, walikuwa na mashamba bara yaliyolimwa na watumwa, na watumwa hao hao ndio waliobeba mawe, wakakata magogo ya tanuri, wakatwanga zege na wakachukua maji. Fundi mwashi, ambaye ujuzi wake ulipita kwa mwanawe, kwa mpwa wake au kwa kijana aliyekaa naye miaka mingi kama mwanafunzi, alisimamia vipimo na mikato, naye angeweza kuwa mtu huru au mtumwa mwenye ufundi ambaye malipo yake yaligawanywa na bwana wake. Kila anayezisifu kuta za Mkomani, mtaa wa kaskazini wenye nyumba kubwa za mawe, anasifu pia kazi ya watu ambao majina yao hayakuandikwa katika hati yoyote ya nyumba na ambao wao wenyewe waliishi katika nyumba za udongo na makuti.

Nyumba iliyotokana na kazi hiyo ilipangwa kutoka nje kwenda ndani kwa daraja za faragha. Mlangoni palikuwa na daka, yaani kibaraza chenye viti vya mawe, ambapo mwenye nyumba alipokea wageni wa kawaida; baada ya mlango palifuata tekani, ukumbi mdogo uliopinda ili macho ya mtu wa nje yasifike ndani; kisha kiwanda, uwanja ulio wazi juu; na kutoka hapo vyumba vilipanda hatua kwa hatua, msana wa tini, msana wa yuu, ndani, na mwisho nyumba ya kati, chumba cha nyuma kabisa ambamo watoto walizaliwa na maiti waliandaliwa kwa maziko. Ukuta wa ndani ulijazwa zidaka, safu za vishubaka vilivyochongwa katika chokaa, ambamo viliwekwa vyombo vya kauri vilivyoletwa na biashara ya bahari. Mgeni wa heshima, hasa mfanyabiashara aliyekuja na upepo wa kaskazi na kulazimika kungoja kusi, alilazwa katika sabule, chumba chenye njia yake ya kuingilia. Nyumba ya mawe ilimhakikishia mfanyabiashara huyo kwamba mwenyeji wake hatahama usiku, na kwamba atakapoacha bidhaa na kurejea baada ya mwaka ataikuta familia ile ile katika mlango ule ule. Kwa hiyo gharama ya ujenzi ilikuwa pia gharama ya kuaminika.

Kiini cha shughuli nzima kilikuwa binti. Katika koo za waungwana, bwana harusi alihamia kwa mkewe, na wajibu wa kumpatia bibi harusi makao ulikuwa wa baba yake. Mtu mwenye mabinti watatu alihitaji makao matatu, na kwa kuwa alitaka yawe karibu, alijenga ubavuni, nyuma, au juu ya nyumba yake. Kuta nene za ghorofa ya chini ziliweza kubeba ghorofa nyingine, na fikihi ya Kiislamu inatambua kwamba mtu mmoja anaweza kumiliki ghorofa ya juu na mwingine ya chini, kila mmoja akiwa na haki na wajibu juu ya ukuta unaowabeba wote wawili. Pale kiwanja kilichobaki kilipokuwa ng'ambo ya uchochoro, familia ilijenga wikio, yaani chumba kilichopita juu ya njia kikaunganisha nyumba mbili, hivyo dada, mama na shangazi waliweza kutembeleana bila kukanyaga barabara. Kila wikio linalosimama leo linaweza kusomwa kama kumbukumbu ya ndoa fulani na ya kiwanja fulani kilichonunuliwa au kutengwa kwa ajili yake. Hata ramani ya mji yenyewe, yenye vichochoro vinavyopinda na kuishia mlangoni mwa mtu, si matokeo ya ukosefu wa mpango kama maofisa wa kikoloni walivyodhani, kwani mpango ulikuwapo, isipokuwa kipimo chake kilikuwa jamaa.

Kwa nini binti? Jibu la kimila, kwamba mwanamke wa heshima hakupaswa kuhamishwa kutoka kwa watu wake, ni la kweli lakini halitoshi. Sheria ya mirathi inaeleza zaidi. Chini ya sheria ya Kiislamu, mtoto wa kiume hurithi mafungu mawili pale binti anaporithi fungu moja. Mtu akifariki akaacha mjane, wana wawili na mabinti watatu, mjane hupata thumuni, yaani sehemu moja katika nane. Sehemu saba zinazobaki hugawanywa ili kila mwana apate mbili na kila binti apate moja. Nyumba moja tayari ina wenyewe sita. Binti mmoja akifa na kuacha mume na watoto, mume huyo hurithi robo ya thumuni ya mkewe, yaani sehemu moja katika 32 ya nyumba nzima, na mtu ambaye si wa ukoo anakuwa mshirika katika paa la ukoo. Baada ya vizazi vitatu mahesabu huhitaji kadhi mwenye subira, na hakuna mrithi ambaye sehemu yake inamwezesha kulala hata chumba kimoja kwa haki yake peke yake.

Koo za pwani zilikuwa na nyenzo mbili za kuikabili hali hiyo, na zote mbili zilitoka ndani ya sheria yenyewe. Ya kwanza ni hiba, zawadi inayotolewa mtoaji akiwa hai na mwenye afya, ikapokewa na kukabidhiwa. Nyumba aliyopewa binti kwa hiba haikuingia katika mirathi ya baba, kwa hiyo haikukatwa mafungu baina ya ndugu zake. Lakini hiba iliyotolewa katika maradhi ya kifo huhesabiwa kama wasia na hubanwa na mpaka wa theluthi ya mali, na kwa mrithi haipiti mpaka warithi wengine waridhie. Sharti hili lilikuwa na nguvu juu ya ratiba ya ujenzi. Baba aliyetaka nyumba ya binti isimame imara kisheria hakuweza kungoja uzee. Alipaswa kuijenga na kuikabidhi mapema, na kwa kuwa kuchimba mawe, kuivisha chokaa na kukausha kuta kulichukua misimu kadhaa, matayarisho yalitangulia ndoa kwa muda mrefu.

Nyenzo ya pili ni wakfu, yaani kuizuia mali isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe tena, huku manufaa yake yakielekezwa kwa watu au jambo lililotajwa na mweka wakfu. Misikiti mingi ya pwani ilitunzwa kwa wakfu wa mashamba na nyumba, lakini aina iliyowahusu wajenzi wa nyumba ni wakfu wa dhuria, ambao manufaa yake ni kwa watoto na wajukuu wa mwekaji kizazi baada ya kizazi, na kwa maskini au msikiti endapo kizazi hicho kitakwisha. Katika wakfu kama huo mwekaji angeweza kusema nyumba ikaliwe na mabinti wake na watoto wao, na mume aliyefiwa asingekuwa na robo ya kudai. Ni vigumu kupata katika historia ya pwani chombo kilichofanana zaidi na katiba ya kampuni ya familia: kilitaja wanufaika, kiliteua msimamizi, kiliweka masharti ya matengenezo, na kilikataza mtaji kuliwa.

Mfumo huu ulianza kudhoofika kabla ya nyumba zenyewe kudhoofika. Mwaka 1896 ujenzi wa reli ulianza Mombasa kuelekea Ziwa Viktoria, na biashara ya kaskazini ya pwani ikavutwa upande huo, ikiiacha Lamu na mapato madogo kila mwaka. Mwaka 1907 hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa katika ukanda wa pwani ya Kenya, hatua ya haki ambayo ilichelewa, na kwayo ikakoma nguvukazi iliyowezesha kuta za unene ule kujengwa. Katika miongo hiyo pia wafanyabiashara wa Kihindi walijenga maduka na veranda kando ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kwa umbo lililofunguka kuelekea barabarani, tofauti kabisa na nyumba ya kale iliyoupa mji mgongo.

Pigo la kisheria lilikuwa la kimya zaidi, na huenda ndilo lililodumu. Mwaka 1894 Baraza la Faragha la Uingereza, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, lilihukumu katika kesi ya Bengal kwamba wakfu ambao kwa kweli unanufaisha familia, huku maskini wakiachiwa tumaini la mbali, si halali. Waislamu wa India walipinga kwa nguvu hadi sheria ya mwaka 1913 ikaurejesha uhalali huo kwao, lakini sheria hiyo haikuihusu Afrika Mashariki, ambako mahakama za kikoloni ziliendelea kuifuata hukumu ya 1894. Mwaka 1946 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliitumia dhidi ya wakfu wa familia wa Zanzibar, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Baraza la Faragha likaithibitisha katika shauri lililotoka Kenya. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba majaji waliokaa London waliwaeleza Waislamu wa pwani ni nini maana ya sadaka katika dini yao wenyewe, kwani katika mafundisho ya Kiislamu kumtunza jamaa ni sadaka. Sheria ya Kenya ya mwaka 1951 kuhusu Kamisheni ya Wakfu ilikuja kuutambua wakfu wa dhuria, lakini kwa nusu karne mrithi aliyetaka fedha mkononi alikuwa ameonyeshwa njia ya kuuvunja mpango wa babu yake kupitia mahakamani.

Wakati huo huo Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye madai ya ardhi katika ukanda wa pwani ayapeleke mbele ya msajili, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Familia zilizokuwa na mashahidi, nyaraka za kadhi na uwezo wa kufuatilia zilitoka na hati. Nyingine, hasa Wamijikenda na watumwa wa zamani walioishi mashambani, zilijikuta wapangaji juu ya ardhi waliyoilima. Hapo ndipo historia ya Mombasa inapoachana na ile ya Lamu. Mji ulipokua kwa sababu ya reli na bandari, wenye hati waliona kwamba shamba la minazi pembeni mwa mji lina faida kubwa zaidi likikatwa viwanja, nao wakawakodishia watu nafasi za kujenga huku wakibaki na ardhi yenyewe. Huu ndio utaratibu ulioitwa nyumba bila ardhi: mpangaji humiliki nyumba yake, huweza kuiuza, kuirithisha na kuipangisha, lakini humlipa mwenye kiwanja kodi kila mwezi.

Utaratibu huo uliwezekana kwa sababu desturi ya pwani na fikihi vilikubali umiliki wa jengo utengane na umiliki wa ardhi, jambo ambalo sheria ya Kiingereza, inayohesabu kilichojengwa kuwa sehemu ya ardhi, haikulizoea. Juu ya viwanja hivyo vya Majengo na mitaa mingine ilienea nyumba ya aina mpya: kuta za miti na udongo, paa la makuti na baadaye la mabati, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande na uani nyuma kwa jiko na choo. Kwa gharama ndogo mtu aliyekuwa hana ukoo wa kumtegemea aliweza kuwa mwenye nyumba, kukaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Wanawake walikuwa wengi miongoni mwa wenye nyumba hao, wakiwemo wa nasaba ya kitumwa, na uchunguzi wa mwanahistoria Margaret Strobel juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa umeonyesha jinsi mali ya namna hii ilivyowapa riziki na uhuru. Hata hivyo mwenye nyumba bila ardhi hujenga kwa tahadhari, kwani hakuna anayeweka mawe na zege juu ya kiwanja ambacho anaweza kutakiwa kukiacha, na kwa hiyo mitaa hiyo ilibaki kwa miongo mingi na majengo ya vifaa vyepesi ilhali watu wake walikuwa wa kudumu.

Huko Lamu, uchunguzi wa Usam Ghaidan uliochapishwa mwaka 1975 ndio ulioifanya nyumba ya mawe itazamwe kama urithi wa taifa, na mwaka 1986 mji mkongwe ukawekwa chini ya ulinzi wa sheria. Thamani mpya ilileta pia wanunuzi wapya, wengi wao kutoka Ulaya, walionunua magofu na nyumba nzima Mkomani na Shela, wakazitengeneza kwa ustadi ambao mara nyingi umewapa kazi mafundi wa mji na kuhifadhi ujuzi wa zidaka na chokaa, lakini wakizitoa nyumba hizo katika mzunguko wa ndoa na hiba uliozizaa. Vifaa navyo vimekuwa adimu zaidi: usafirishaji wa boriti nje ya Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1982, na mwaka 2018 katazo la kitaifa la ukataji miti likawagusa pia wakataji wa mikoko. Wenye nyumba wengi wamegeukia saruji, ambayo hufunga unyevu ndani ya ukuta wa matumbawe badala ya kuuacha utoke kama chokaa inavyofanya, na baada ya miaka michache lipu hubanduka pamoja na uso wa jiwe.

Fundi wa Lamu bado anaweza kupata mawe ya Manda, chokaa iliyoiva na boriti za kutosha kubadilisha dari moja, na gharama yake inajulikana. Kinachochelewesha kazi ni kwamba wenye nyumba hiyo wanaweza kuwa watu thelathini, wengine Mombasa, wengine Muscat, Dubai au Jeddah, kila mmoja akiwa na sehemu yake halali ya mirathi, na hakuna kati yao mwenye mamlaka aliyokuwa nayo msimamizi wa wakfu ya kutoa fedha za matengenezo kabla hajagawa kodi. Mvua za masika hazingoji warithi wakubaliane, na dari nyingi za Mkomani zimeanguka katika muda uliopotea baina ya barua ya kwanza na saini ya mwisho.